Uzuri wa Mkakasi

Je, kitu cha kupendeza macho chaweza kuwa uongo? Mwaka 1994 ulitoka mchezo wa video wa mapigano ya maroboti, Rise of the Robots, uliochezwa hata kwenye Mega Drive. Picha zake zilisifiwa kabla haujatoka. Likanadiwa na jina la Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Ulipochezwa, muziki mwingi ulikuwa wa Richard Joseph. Mchezaji wa peke yake hakuwa na hiari ya kuchagua mpiganaji, na teke moja la kuruka, likirudiwa, liliwaangusha maadui wengi.

Tumfikirie kijana wa Munanila, nyanda za juu za Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi, aliyelipia zamu yake kibandani. Akishinda bila kufikiri, kaibiwa nini? Muuza maharage sokoni naye huweka punje nzuri juu ya gunia, lakini mnunuzi hutia mkono chini. Mchezo hauna chini pa kutia mkono mpaka zamu imeshalipiwa. Kwa hiyo lawama ni ya aliyenadi. Mchoraji, maskini, alitimiza yake.