Ushuhuda wa Picha

Zaburi ya 104 inagawa saa za siku. Usiku wametengewa wanyama wa mwituni, watoke na kutafuta chakula chao kwa Mungu; mchana ametengewa mwanadamu, aende kazini kwake hata jioni. Basi mtu anayeingia msituni usiku akiwa na kamera anaingia katika zamu isiyo yake. Kuingia si dhambi, kwa maana hata mgeni huingia katika nyumba ya watu, lakini mgeni ana adabu yake. Katika makala hii tunauliza: mtu anayepiga picha ya kiumbe cha Mungu ana deni gani kwa kiumbe hicho? Na ana deni gani kwetu sisi tutakaoitazama picha hiyo?

Tutumie mfano wa mbali, yaani ule msitu mkubwa wa kaskazini. Msitu huo wa misonobari na miti mingine inayovumilia baridi umeizunguka sehemu ya juu ya dunia kama mshipi, kutoka Norwe, Uswidi na Ufini, kupitia Urusi, hata Alaska na Kanada. Wengi wetu tumeuona kwa picha tu, kwenye kalenda zinazoletwa na ndugu zetu wa sharika rafiki, na siku hizi kwenye simu zetu. Dubu amesimama katika ukungu. Bundi anaruka juu ya theluji. Anga limejaa nuru ya kijani. Tunamsifu Bwana kwa ajili ya picha hizo, na ni vyema. Lakini sisi hatujafika huko. Tunalotegemea ni uaminifu wa yule aliyezipiga. Yeye ni shahidi wetu, na amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo, inamhusu.

Tuanze na anga. Mianga ya kaskazini hutokea wakati chembe zitokazo kwenye jua zinapogonga hewa iliyo juu sana. Ile rangi ya kijani hutoka kwenye oksijeni, kilomita 100 na zaidi juu ya ardhi. Picha ya kwanza ya mianga hiyo ilipigwa mwaka 1892 na Mjerumani Martin Brendel huko Bossekop, kaskazini mwa Norwe. Baadaye Mnorwe Carl Størmer alitaka kujua mianga hiyo iko juu kiasi gani. Aliweka kamera mahali pawili palipo mbalimbali, wapigaji wakapatana kwa simu na kupiga kwa wakati mmoja, kisha akalinganisha picha hizo mbili na kukokotoa kimo. Torati inadai mashahidi wawili au watatu kabla neno halijathibitika. Mtaalamu huyu aliitafutia mbingu mashahidi wawili.

Wako wanaosema kwamba picha za usiku ni za uongo, kwa kuwa kamera huonyesha rangi ambazo jicho halikuziona. Hatukubaliani nao. Kamera iliyoachwa wazi kwa sekunde 10 hukusanya mwanga ambao jicho letu haliwezi kuuweka akiba. Mwanga huo ulikuwapo. Kamera imesubiri tu. Fikirini Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima, na ambacho Mungu anakitaja anaposema na Ayubu. Kwa macho matupu wengi wetu huhesabu nyota sita au saba, lakini kamera ikisubiri huonyesha mamia. Uongo huanza pale mtu anapochukua mwezi wa usiku mwingine, akaubandika juu ya msitu huu, kisha akanyamaza.

Kwa wanyama jambo ni gumu zaidi, kwa sababu nyota haiumizwi na kamera. Bundi mkubwa wa kijivu humsikia panya akitembea chini ya theluji, akamshukia bila kumwona. Kumpata katika tendo hilo kunaweza kumgharimu mpiga picha siku nyingi za baridi kali. Kwa hiyo huko Kanada na kaskazini mwa Marekani wako wanaonunua panya hai na kumtupa kwenye theluji, ili bundi aje mbele ya lenzi. Picha inatoka nzuri. Lakini bundi amefundishwa kwamba penye watu na magari pana chakula, na bundi anayeruka chini karibu na barabara yumo hatarini kugongwa. Yako mashindano ya picha yanayokataa picha za namna hiyo.

Mashariki mwa Ufini, karibu na mpaka wa Urusi, kuna vibanda vidogo vya mbao. Wageni hulipa na kukaa humo kimya usiku kucha, naye dubu huja kwa sababu mwenye kibanda ameweka mzoga au samaki. Hapa tusihukumu haraka. Kibanda huwazuia watu kumfuata dubu msituni, tena humpa mwanakijiji sababu ya kumtaka dubu akiwa hai. Hata hivyo, picha inayomwonyesha dubu na kuuficha mzoga inatuambia nusu ya habari. Sentensi moja chini ya picha ingetosha. Mtu huiacha kwa sababu akiiandika sifa yake itapungua.

Hapo ndipo tunapokutana naye, kwa maana tamaa hiyo tunayo sisi sote. Tunapopeleka unga kwa mjane, na kumpanga mbele ya nyumba yake ashike mfuko huku akituangalia, tumemtendea kama yule bundi. Amepata chakula, nasi tumepata picha. Je, aliulizwa? Na watakaoiona wataambiwa kwamba alisimamishwa hapo?

Dawa yake ni Injili. Aliyehesabiwa haki kwa neema hahitaji kurudi na picha ili awe mtu. Anaweza kungoja, anaweza kusema kweli yote, tena anaweza kurudi mikono mitupu. Ayubu 39 inatuuliza kama tunajua majira ya kuzaa kwa wanyama wa mwituni. Dubu jike wa misitu ile huzaa ndani ya shimo lake katikati ya baridi, na watoto wake wana uzito wa nusu kilo hivi. Mtu akimwamsha, aweza kukimbia na kuwaacha wafe. Picha hiyo isipopigwa, utukufu wa Mungu haupungui. Yeye amekwisha kuwaona.