Milima Yenye Ndoyi: Nani Ana Haki ya Kuupa Mulima Jina?

Mwanafunzi wa kwetu akiulizwa ni mulima gani unaopita yote ya Kongo kwa urefu, anajibu bila kukawia: «Pic Marguerite, mita 5119». Jibu ni zuri (ijapokuwa vipimo vingine vinasema mita 5109) na mwalimu anamupa pointi zake. Lakini ukimuuliza tena: «Marguerite ni nani?», pale anaanza kutafuta maneno. Kwa Kifaransa, marguerite ni jina la ua pia, basi ni rahisi kufikiri kwamba huko juu kunaota maua meupe. Hapana. Kule juu ni mawe, ukungu na barafu. Marguerite ni mutu. Alikuwa malkia wa Italia, Margherita wa Savoia, muke wa mfalme Umberto wa kwanza, na hakuikanyaga Rwenzori hata siku moja.

Tena kilele chetu hakiko peke yake na jina hilo. Katika milima ya Alps, pa mupaka wa Ufaransa na Italia, kuna mulima mumoja unaoitwa Grandes Jorasses. Una vilele vingi, na kimoja kati yao, chenye kupita mita 4000, kinaitwa Margherita. Kilele cha jirani yake kinaitwa Elena. Sasa ukirudi Rwenzori, utakuta juu ya mulima ule ule wa Margherita kuna kilele kingine, nacho kinaitwa Elena. Mutu anaweza kusema ni ajabu. Si ajabu, kwa sababu mwenye kutoa majina kule na huku ni mumoja: Luigi Amedeo wa Savoia, ambaye vitabu vinamwita Duke wa Abruzzi. Mwaka wa 1898 alipanda vilele vile vya Jorasses. Tarehe 18 Juni 1906 alifika juu ya Rwenzori pamoja na viongozi wake kutoka Alps, kiisha kutembea na wachukuzi wengi, na kati yao Bakonzo waliojua njia za chini na baridi ya juu.

Malkia Margherita alikuwa nani kwake? Baba ya Luigi alikuwa mudogo wa mfalme Umberto. Ni kusema, kwa hesabu yetu ya jamaa, malkia huyo alikuwa mama yake mukubwa. Basi jambo linakuwa wazi kabisa: kijana alimupa mama yake mukubwa zawadi, mara mbili. Kilele cha pili kwa urefu akakiita Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza, kwa maana upande wa mashariki ulikuwa chini ya Waingereza. Upande wa magharibi, wakati ule, ulikuwa mali ya Leopold wa pili.

Hakuna mutu atakayemuchukia kijana anayependa mama yake. Ulizo letu ni lingine. Kutoa zawadi ni kitu kizuri, lakini kwanza kitu kiwe chako.

Hapa kwetu tuna neno moja linaloweza kutusaidia kufikiri: ndoyi. Mutu anayebeba jina sawa na langu ni ndoyi yangu. Jambo hilo si muchezo. Mutoto akipewa jina la mutu mukubwa, wote wawili wanafungwa. Yule mukubwa atamutazama mutoto kwa jicho la pekee, atamuletea nguo siku fulani, atauliza habari zake akiwa mugonjwa. Na mutoto naye atamuheshimu, hata akikua atamusaidia. Jina linafanya njia kati ya nyumba mbili, na watu wanapita mule kwenda na kurudi. Kwa hiyo wazazi hawatoi jina ovyo. Wanamuendea mwenye jina, wanamwambia.

Nani alienda kuwaambia watu wa Mutwanga? Nani aliwaambia wale wa upande wa Uganda? Na malkia mwenyewe, alifanyia nini ndoyi yake wa Afrika mpaka alipokufa mwaka wa 1926? Si kumushitaki, labda hakuombwa lolote. Ninachosema ni kwamba jina lilitolewa pasipo njia. Mulima ulifanywa ndoyi, lakini hakuna anayepita.

Linganisha na jambo lingine la malkia huyu huyu. Katika mulima Monte Rosa, kwenye mita 4554, walijenga nyumba ya mbao ya kupokelea wapanda-mulima, wakaiita Margherita. Mwaka wa 1893 malkia mwenyewe alipanda mpaka kule kwa kuifungua, akalala mule. Kule jina lina sababu na lina miguu. Ndiyo maana sitaki kusema kwamba kila jina la mutu juu ya mulima ni baya, wala kwamba jina moja kwa milima miwili ni wizi.

Banande wanajua hilo kupita wengine. Ukifika Butembo au Beni ukaita «Kambale!», wataitika nusu ya wanaume wa mutaa. Kambale ni mutoto mwanaume wa pili wa mama yake, Kasereka ni wa tatu, Kakule wa nne. Majina hayo yanajirudia katika kila nyumba na hakuna anayesema ameibiwa jina, sababu jina linasema ukweli juu ya yule anayelibeba: linaonyesha nafasi yake katika tumbo la mama yake. Jina likisema kweli, hata watu elfu wanaweza kulitumia.

Milima pia inaweza kukutana hivyo bila ubaya. Karibu na Arusha, kule Tanzania, kuna Meru, mulima wa mita zaidi ya 4500. Huko India, katika Himalaya, kuna Meru mwingine unaopita mita 6600. Ni masikio tu yanayokutana. Mashamba ya hawa na ya wale hayajuani. Lakini Semeru, mulima wa moto wa kisiwa cha Java, huo umepata jina lake kutoka Meru ya imani ya Wahindi, mulima mutakatifu ambao ni katikati ya dunia. Jina lilivuka bahari pamoja na imani, na watu wa Java wenyewe waliipokea wakaifanya yao. Hakuna aliyewaandikia karatasi. Walipotazama mulima wao wenye moshi, waliona ndani yake kile walichofundishwa kuheshimu.

Sasa tuje kwa jambo linalotuuma sisi wenyewe. Kilele Margherita kiko juu ya mulima ambao Duke aliuita Stanley, kwa heshima ya yule mwandishi na musafiri aliyeiona theluji ya Rwenzori mwaka wa 1888. Wakati wa authenticité, Prezida Mobutu alipobadilisha majina, nchi ikawa Zaire mwaka wa 1971, na Mont Stanley ikaitwa Mont Ngaliema. Watu walipiga mikono: muzungu ametoka, Muafrika ameingia!

Lakini Ngaliema ni nani? Alikuwa mukubwa na mufanya-biashara wa pembe za tembo huko Kintambo, pembeni ya mto Kongo, ndiye aliyefanya undugu wa damu na Stanley. Kinshasa kuna kilima ambacho wakoloni walikiita Mont Stanley, na sanamu ya Stanley ilisimama pale. Leo kinaitwa Mont Ngaliema. Pale ni haki kabisa. Ngaliema aliishi karibu, aliuza na kununua pale, alibishana na Stanley pale. Lakini toka kilima kile mpaka theluji ya Rwenzori ni zaidi ya kilometa 1500. Basi leo tuna Mont Ngaliema mbili. Moja ni ya Ngaliema kweli. Ile nyingine ni hesabu ya ofisi: palipoandikwa Stanley, futa, andika Ngaliema.

Mimi naona kosa hili ni dogo kupita lile la 1906 kwa nia, maana nia ilikuwa kurudisha heshima. Lakini kwa munande wa Mutwanga, matokeo ni yale yale. Mara ya kwanza jina lilitoka Roma, mara ya pili lilitoka Kinshasa, na mara zote mbili hakuulizwa. Kuwa Muafrika hakutoshi ili jina liwe la haki. Angalia Kisangani: mwaka wa 1966 Stanleyville ilipoachwa, hawakutafuta shujaa wa mbali, walirudisha jina ambalo watu wa pale walikuwa nalo mudomoni. Ndiyo maana hakuna anayekumbuka tena kusema Stanleyville, ila wazee wachache wanapopiga masimulizi. Lakini Mont Ngaliema ya Rwenzori, nani anaisema? Vitabu vya wapanda-mulima vinaendelea kuandika Stanley, na watoto wanaendelea kuandika Marguerite.

Majina ya kweli yanautazama mulima usoni. Karisimbi, kati ya volkano zetu za Virunga, jina lake linatoka kwa isimbi, kauri ndogo nyeupe, kwa sababu siku nyingine kichwa chake kinakuwa cheupe. Rwenzururu, ndivyo Bakonzo na Banande wanavyosema, ni mahali pa theluji. Mutu aliyetoa jina hilo alikuwa ameinua macho.

Na hapa kuna uchungu ambao Duke hakuweza kuufikiria. Mwaka wa 1906 kulikuwa na barafu juu ya milima sita ya Rwenzori, karibu kilometa mraba 7 na nusu. Kufika mwaka wa 2005 ilibaki juu ya milima mitatu tu, karibu kilometa mraba moja na nusu, na tangu pale imeendelea kuyeyuka. Siku moja mutoto atauliza: «Mahali pa theluji, theluji iko wapi?» Jina Margherita halitapata shida hiyo. Theluji ikiisha, litabaki vilevile, sababu halikusema kitu chochote juu ya mulima toka mwanzo. Jina la wazee ndilo litakalokuwa na kidonda, kama mujane anayeendelea kuitwa kwa jina la bwana yake. Mimi ningechagua hilo lenye kidonda.

Kuna rafiki mumoja, mutu wa masomo, aliyenijibu hivi: «Kilele chenyewe, ile ncha ya juu, hakikuwa na jina. Wazee walikuwa wanaita mulima wote. Muzungu alikuta nafasi tupu, akajaza.» Neno lake lina nguvu, nisilipite. Inawezekana kweli ncha ile haikuwa na jina lake. Kadiri ya imani ya zamani, mulima ni makao ya Kitasamba, na mutu haendi kupanda juu ya kichwa cha mwenye nyumba ili ahesabu vidole vyake. Kuita kila ncha jina ni haja ya yule anayepanda kwa kuwashinda wengine. Lakini kunyamaza mbele ya mahali patakatifu si nafasi tupu. Ukiingia kanisani ukakuta altare haina maandishi, hauandiki jina la mama yako mukubwa.

Hata hivyo, sisemi tutume barua Kinshasa waandike amri ingine. Tumeona amri zinafanya nini. Tena si Banande peke yao wanaoishi chini ya mulima huu. Upande wa Semliki kuna Batalinga, na mupaka wa Kongo na Uganda unapita juu ya kilele chenyewe. Jina lolote tutakalosema hapa lazima lisikiwe na kule, na Bakonzo wa kule ni ndugu zetu kwa lugha na kwa damu kabla ya mupaka. Kuwauliza hao wote kutachukua miaka. Kwa sasa, walimu wa Beni na wa Lubero wanaweza kufanya jambo dogo lisilohitaji ruhusa: kuandika ubaoni Rwenzururu kwanza, kueleza maana yake kwa kinande, kiisha kuandika Marguerite pembeni pamoja na mwaka, 1906, na jina la kijana aliyelitoa.