Mtoto Anayeshika Chuma

Nchini Marekani mtu wa kawaida anaruhusiwa kuunda ndege nyumbani kwake na kuirusha. Sharti kubwa ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, si kwa biashara. Mafundi hao wa nyumbani wana chama chao tangu 1953, na kila mwaka hukusanyika kwa maelfu katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Wengine huunda peke yao, wengine na marafiki, na si wachache wanaounda pamoja na watoto wao, wa kiume na wa kike, katika banda la gari lililo ubavuni mwa nyumba.

Swali ambalo kila mtu huliuliza akisikia habari hii ni kama mzazi ana haki ya kumpandisha mtoto wake katika chombo kama hicho. Ni swali la haki kabisa. Lakini mimi naona liko jingine linalolitangulia, nalo ni gumu zaidi: je, mzazi ana haki ya kupanda yeye mwenyewe, wakati mtoto wake ndiye aliyesaidia kuifunga?

Ili swali hili lieleweke inabidi kwanza nieleze kazi ya ribiti. Ndege nyingi za aina hii, kwa mfano nyingi katika zile za RV zilizobuniwa na Richard VanGrunsven wa jimbo la Oregon, ni za mabati ya alumini yaliyounganishwa kwa ribiti, maelfu kwa maelfu. Ribiti nyingi za ndege hizo hutaka watu wawili. Mmoja husimama nje na nyundo ya upepo, ameielekeza kwenye kichwa cha ribiti. Mwenzake yuko ndani, na kipande kizito cha chuma mkononi, amekigandamiza kwenye ncha ya ribiti inayotokeza upande wa pili. Nyundo ikilia, ncha ile hubanwa na chuma ikapanuka, hadi upana wake ufike mara moja na nusu ya unene wa ribiti yenyewe. Mwenye nyundo haoni chochote, kwa sababu bati liko kati yao. Anangoja kuambiwa: iko sawa, ongeza kidogo, hii imepinda, itoe. Sasa, ndani ya kiwiliwili cha ndege, kuelekea mkiani, pamebana, na mtu mzima huingia kwa taabu. Anayeingia ni mtoto. Amelala chali gizani na tochi yake, kelele za nyundo zinamzunguka, na kauli yake ndiyo inayongojwa huko nje.

Miaka inapita hivyo. Kazi yote huweza kula saa zaidi ya elfu moja na mia tano, na kwa watu wenye ajira na shule hizo ni jioni na Jumamosi nyingi sana. Aliyeanza akiwa na miaka 12 anaweza kumaliza akiwa na 17, umri ambao sheria ya huko inamruhusu kupata leseni ya rubani.

Sheria hiyo imelitatua lile swali la kwanza kwa namna ninayoiheshimu. Ndege ikikamilika, haibebi abiria mpaka imalize saa za majaribio, kwa kawaida 25 au 40. Baada ya hapo abiria anaruhusiwa, ila lazima kuwe na kibao mbele ya macho yake kinachomwambia kwamba chombo hiki kimeundwa na mtu asiye kiwanda na hakifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida. Huyu ni John Stuart Mill mtupu: mtu mzima ajihatarishe apendavyo, asimhatarishe mwingine bila huyo mwingine kujua na kukubali. Lakini Mill mwenyewe aliwatoa watoto katika hoja yake. Uhuru aliouzungumzia ni wa mtu aliyekomaa kiakili. Kwa hiyo kibao hakimhusu mtoto, maana atakisoma, atacheka, na atapanda kwa kuwa ni ndege ya baba. Hapo mzazi ndiye anayepaswa kukisoma kwa niaba yake, na kukisoma kama anavyosoma mtu mwoga. Sioni la kuongeza.

Rubani wa saa zile za mwanzo, mara nyingi, ni mzazi akiwa peke yake. Mtoto amebaki chini, kando ya uwanja, akiangalia. Wanaohofia maisha ya mtoto siku hiyo hutulia, maana mtoto yuko salama. Mimi naona hiyo ndiyo siku ambayo amebebeshwa mzigo mzito kuliko siku zote. Kule juu kuna baba au mama yake, na kuna ribiti ambazo ni yeye tu aliyeziona zikifungwa.

Hans Jonas, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wajibu, alimchukua mzazi na mtoto mchanga kuwa kielelezo cha wajibu wote. Wajibu huo ni wa upande mmoja. Mtoto hawezi chochote, mzazi anaweza. Basi mzazi anawajibika, wala hadai malipo. Nakubaliana naye juu ya mtoto mchanga. Lakini banda la ndege linageuza mambo: aliye dhaifu anashika maisha ya aliye na nguvu, tena kwa ombi la huyo mwenye nguvu. Je, ni halali kuomba hivyo?

Mimi nilikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi magari katika jiji la Bujumbura, na jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Breki ya mafuta ikiingia hewa, fundi hulala chini ya gari na mtoto huketi mbele ya usukani. "Kanyaga!" Anakanyaga. "Shikilia!" Fundi analegeza skrubu, hewa inatoka pamoja na mafuta. Mtoto akiinua mguu kabla ya kuambiwa, hewa hunyonywa tena ndani. Gari hilo kesho litateremka mlima kutoka Bugarama, na mguu wa mtoto wa miaka tisa una sehemu yake katika kusimama kwake. Hakuna mtu mtaani anayeliita hilo dhuluma. Tunaliita kujifunza kazi. Tofauti ni kwamba abiria wa gari lile ni wageni, na mtoto hatawajua kamwe. Wa ndege anamwita baba.

Wapo watakaosema: basi mpe kazi zisizo na hatari. Afagie vyuma, apake rangi, asogeze taa. Nakataa. Mtoto anajua tofauti ya kazi na kuchezeshwa, na aliyechezeshwa miaka mitano hana sababu ya kukuamini mwaka wa sita. Wapo pia watakaosema baba hukagua kila kitu baadaye. Hukagua, na anapaswa. Kichwa cha ribiti kinaweza kupimwa. Lakini zipo sehemu ambazo bati la mwisho likishafungwa hazifikiki kwa urahisi, na upo wakati chuma kimeteleza kikagonga kiunzi mahali ambapo nje hapaonyeshi alama yoyote. Shahidi ni mmoja.

Kwa hiyo uhalali wa jambo zima, kwa maoni yangu, unategemea kama mtoto anaweza kusema "nimeharibu" bila kuogopa, na pia kama anaweza kusema "umeharibu wewe". Hili la pili ndilo linalotushinda sisi. Tumelelewa kwamba mtoto hamsahihishi mkubwa. Akiona kosa, anyamaze au amwambie mama pembeni. Adabu hiyo ina uzuri wake sebuleni. Ndani ya mkia wa ndege inaua. Mzazi ambaye hayuko tayari kusimamisha nyundo kwa amri ya mtoto wa miaka 12, na kuitoa ribiti ambayo yeye anaamini ni nzima, hana haki ya kumwomba mtoto huyo ashike chuma. Na asiingie ndegeni.

Kisha kuna suala la lawama. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, yaani takataka zote hutupwa kwake, na nadhani hapa methali inatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo neno "wajibu" huyachanganya. Kuna wajibu wa kufanya kazi vizuri, na huo unaweza kugawanywa: nyundo yako, chuma changu. Kuna na wajibu wa kujibu baadaye, na huo haushuki chini. Sheria ya Marekani inakubaliana na wahenga bila kuwajua. Cheti kinachomruhusu muundaji kuikagua ndege yake kila mwaka hutolewa kwa mtu mmoja tu, na hapewi aliye chini ya miaka 18. Hata kama mtoto alifunga nusu ya mkia, jina linaloandikwa ni la mzazi.

Lakini karatasi haiuzuii moyo. Baba akianguka, mtoto atazihesabu ribiti zake usiku kucha, hata wachunguzi wakisema injini ndiyo iliyozimika. Hakuna saini inayoweza kumwondolea hilo, na sijapata hoja inayolifuta. Ninachoweza kusema ni kwamba mzazi alijuaye hili hatapanda kwa haraka. Atakagua kama mtu anayelinda mambo mawili, maisha yake na usingizi wa mwanawe, na siku upepo usipomridhisha atairudisha ndege bandani ingawa majirani wamekuja kutazama.

Askofu Milton Wright, baba yao Wilbur na Orville, aliwataka wanawe wasiruke pamoja, ili ajali moja isije ikawachukua wote wawili. Walitii miaka yote. Tarehe 25 Mei 1910, karibu na Dayton, Ohio, aliwaruhusu mara moja tu, wakaruka pamoja kwa dakika chache. Siku hiyo hiyo yeye mwenyewe, akiwa na miaka 81, aliketi kando ya Orville kwa mara ya kwanza maishani mwake, katika chombo ambacho wanawe walikibuni, na walipokuwa hewani akamwambia apande juu zaidi.