Heshima ya Yatima

Mara nyingi tumehudhuria mikutano ya changizo la kujenga madarasa vijijini. Ni kazi njema, wala hatuna neno la kuipinga. Lakini liko jambo moja litokealo katika baadhi ya mikutano hiyo ambalo limetutia mashaka. Kabla ya kapu kupitishwa, mtoto yatima husimamishwa mbele ya watu, akaambiwa aeleze jinsi baba yake na mama yake walivyokufa. Sauti yake ikikatika, watu hufuta machozi, na noti huanza kutoka mifukoni. Je, ni halali kuyatumia majonzi ya mtoto ili kumpatia mtoto huyo huyo jambo jema?

Wako watakaotujibu ya kuwa pasipo machozi hakuna fedha, na pasipo fedha hakuna darasa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za huko zilibaki na bibi mzee na wajukuu tu. Tena, Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na ilipoanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto waliozuiliwa na umaskini waliingia shuleni kwa wingi, na yatima wakiwa miongoni mwao. Mlango ulifunguliwa, lakini vyumba havikutosha. Kanuni ni wanafunzi 45 katika chumba kimoja cha shule ya msingi. Kumbe viko vyumba vyenye idadi maradufu, na watoto wengine wameketi sakafuni. Haja, basi, ni ya kweli.

Hata hivyo, haja ya kweli haihalalishi kila njia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja heshima pamoja na elimu miongoni mwa haki za mtoto. Haifai kuinunua haki moja kwa kuiuza nyingine. Zawadi ni kitu apewacho mtu pasipo kulipa. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya umati amekwisha kulipa, kwa siri ya nyumba yao na kwa stara yake. Kesho ataketi darasani pamoja na wenzake waliomsikia, nao watamwita kwa jina la msiba wake. Wala sisi watoaji hatukupata faida. Tulitoa ili kuipoza mioyo yetu. Machozi yakikauka, mkono nao hufumba, na boma lililofika kwenye lenta hubaki miaka bila kupauliwa.

Tufanyeje basi? Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo na uguswe na ukweli. Wasimame watu wazima badala ya mtoto. Mwenyekiti wa kamati na aeleze wanafunzi ni wangapi, mifuko ya saruji na mabati yanayohitajika ni mangapi, na wanakijiji wamekwisha kusomba mawe na mchanga kiasi gani. Kazi ikiisha, hesabu ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Darasa lenyewe liwe la watoto wote wa kijiji, wala pasiandikwe mlangoni ya kuwa ni la yatima. Yale anayopungukiwa yatima peke yake, yaani sare, madaftari, chakula cha mchana, na mtu wa kumwuliza jioni amejifunza nini, yapelekwe na jirani nyumbani kwa bibi yake, pasipo tarumbeta. Injili yenyewe yatufundisha sadaka ya siri.

Wasomaji wetu wapenzi, hakuna mzazi ajuaye siku yake. Kila mmoja wetu na ajiulize: kama ningefariki usiku huu, ningependa mwanangu apate nafasi yake shuleni kwa njia gani? Jibu hilo na tulichukue pamoja na sadaka yetu, tutakapoitwa tena kwenye changizo.