Haki ya Mkono na Haki ya Uzi

Watu wa Shinyanga na Geita hawana haja ya kufundishwa habari za mizani, kwa kuwa pamba ya babu zao ilipimwa mbele ya macho yao, na dhahabu yao wenyewe hupimwa leo katika soko la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019, na kila mmoja ajua kwamba bei husemezana na watu lakini gramu haisemezani na mtu. Nawaletea basi swali ambalo kwa sura ni la fundi wa mbao, na kwa batini ni la uadilifu: mtu akiagiza gitaa lichongwe kwa ajili yake peke yake, vipimo gani vya shingo ya gitaa vimtii yeye, na vipi yampasa yeye kuvitii?

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma huwa na ubao wa vidole wenye upana wa milimita 43 hivi pale nyuzi zinapoanzia, na yale ya nyuzi za nailoni, milimita 52. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, ambaye vidole vyake vimenenepa kwa sululu na nyundo, akikanyaga uzi mmoja katika upana wa 43 huugusa na wa jirani, nao hunyamazishwa kabla haujasema. Na fundi amwambiaye avumilie amemdhulumu, maana mkono ni amana ya Mola wake, na si ada kumtaka mtu aombe radhi kwa amana. Apewe milimita 47 au 48. Kadhalika kimo cha freti, yaani vile vikingamo vya chuma: mkono wenye nguvu huushindilia uzi juu ya freti ndefu hata sauti ikapanda kupita kiwango chake, kwa hiyo apewe fupi, zisizozidi milimita moja, ijapokuwa zitalika mapema. Juu ya mti wa ubao sina shaka: ni mpingo wetu, mzito hata huzama majini.

Lakini mahali pa freti si milki ya mkono. Uzi wa milimita 650 hurudia sauti yake kwa juu ukikatwa katikati, penye 325, na nusu-sauti 12 zilizo kabla ya hapo hugawana nafasi kwa uwiano mmoja: kila freti huchukua sehemu moja katika 17.817 ya urefu uliosalia, ndipo ya kwanza ikaangukia milimita 36.5, na zifuatazo zikazidi kukaribiana. Vincenzo Galilei, mwanamuziki wa Florence na baba wa yule mwanafalaki, aliandika mwaka 1581 kuwa yatosha kugawanya kwa 18. Ni hesabu nyepesi, na uzi unaokanyagwa huvutika na sauti yake kupanda kidogo, ukalisitiri kosa lake kwa sehemu. Hata hivyo kosa hilo hujilimbikiza, na freti ya 12 huishia milimita 2.4 kabla ya katikati.

Mwenye hoja atauliza, naye ana haki, kama uwiano huo wa sehemu sawa nao si tungo la wanadamu. Ndivyo ulivyo. Sauti ya tatu kubwa iliyo safi, ambayo sikio huitambua bila mwalimu, hupatikana zikisalia sehemu nne katika tano za uzi, na freti zetu huipandisha kwa takriban sehemu 14 katika mia ya nusu-sauti. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alieleza udi wa zama zake wenye freti, na mojawapo ilinasibishwa na Zalzal, mpiga udi wa Baghdad, kwa kuwa ilikiweka kidole cha kati mahali pasipo pa sauti ya tatu kubwa wala ndogo. Nalo zeze la ubao, lijulikanalo huku kwetu na Kongo ya mashariki, lina vinundu vilivyochongwa katika mti wake wenyewe, wala halikungojea hesabu ya Florence.

Nionavyo mimi, mgawanyo sawa ni mkataba, na uadilifu wake ni huu: kila ufunguo hupunjwa sawa na mwenziwe, ili wapigaji wasiojuana wapate kupiga pamoja. Mkataba huvunjwa kwa ridhaa. Akija mtu ambaye nyimbo za kwao zataka sauti iliyo baina ya mbili, fundi ana ruhusa ya kuisogeza freti, madhali amembainishia kabla ya kushika msumeno kuwa gitaa hilo halitapatana tena na magitaa ya wengine, na kwamba mfereji ukishakatwa katika mpingo haufutiki.