Tupunguze Nini Ili Tulipe Deni?

Ndugu zetu Waislamu, jamaa zetu waliohamia Nairobi, katika mitaa kama Lucky Summer, hukopa unga dukani, na tangu mwaka 2019 hukopa kwa simu pia, kwa ule mkopo uitwao Fuliza, ambao ada yake huzidi malipo yakichelewa. Mwisho mwenye nyumba hukata shauri kupunguza matumizi. Ni shauri jema. Lakini aanzie wapi?

Wengi huanzia chunguni: watoto hupunguziwa chakula, na mirungi ya baba haiguswi. Hiyo ni dhuluma, kwani chakula cha mke na watoto nacho ni deni juu yake. Kipunguzwacho ni anasa na fahari. Asemaye, "Tusipofanya karamu watu watatucheka," na ajue kuwa biriani ile yapikwa kwa mali ya mwenye duka, naye ana watoto.

Sura ya Al-Baqara yatuamrisha kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki, si mwenye israfu. Na Mtume (s.a.w.) hakumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Basi tulionee haya deni kabla ya kuwaonea haya majirani.