Deni la Jeneza

Kuzika wafu ni tendo la huruma; mzee Tobiti alilitenda kwa kuhatarisha maisha yake. Halmashauri nayo, inunuapo sanda na jeneza kwa ajili ya maiti aliyekosa wa kumzika, hutenda lilo hilo kwa fedha yetu sote.

Lakini tuseme mtu wa Msasani, pale Tukuyu, amezikwa kwa msaada huo, na baada ya matanga yaonekana ameacha shamba la chai na ng'ombe wawili. Warithi wafanyeje? Wako wasemao: “Serikali haina njaa.” Sisi twasema, hiyo si haki. Sheria ya usimamizi wa mirathi, Sura ya 352, yatanguliza gharama za mazishi zilizo za kiasi mbele ya madeni mengine, sembuse mafungu ya warithi. Hata katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi hutakiwa kuleta hesabu kamili ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Afichaye ng'ombe amdanganya hakimu, na Mungu amwona.

Wala hatusemi mjane anyang'anywe sufuria. Deni la marehemu na lilipwe kwa mali yake mwenyewe. Asiyeacha kitu, msaada aliopewa na ubaki sadaka, wala pasiwe na aibu. Fedha irudishwayo yaweza kumzika maskini mwingine.

Enyi wana, mwombeeni mzazi wenu Misa; lakini msigawane ng'ombe kabla ya kulipa jeneza lake.